Kateteri Ndefu ya Mkono: Namna ya Kuilinda na Hatari Zake

Ndugu infirmie, somo hili ni kwa ajili yako wewe unayefanya kazi katika kituo cha afya mbali na hospitali kubwa. Ni kwa ajili ya jamaa za wagonjwa vilevile, sababu mara mingi wao ndio wanaokaa na mgonjwa usiku na mchana, na wao ndio wanaoona jambo la kwanza linaloharibika.

Tuanze na mfano. Mama mmoja anafika kwako asubuhi, amekaa nyuma ya pikipiki, mtoto wake mkubwa amemshika. Alikuwa ameenda kutibiwa kansa katika hospitali kubwa ya mbali, akarudi nyumbani kupumzika mbele ya kupata dawa ya mara ya pili. Ndani ya mkono wake wa kuume, juu ya kiwiko, kunatoka mrija mwembamba wenye kizibo. Umefunikwa na plastiki nyembamba inayoonyesha ngozi. Jana jioni jirani mmoja anayejua kupiga sindano aliingiza serumu kidogo ndani ya mrija «kuusafisha». Usiku mama alianza kutetemeka. Sasa homa yake ni 39. Mtoto wake anakuambia: «Munganga, mshipa uko tayari. Tilia kinini ku ile mrija, iishe.»

Utafanya nini? Usijibu upesi. Tutamrudia mama huyu mbele kidogo.

KATETERI HII NI NINI?

Kateteri fupi unaijua sana. Ni ile ya kila siku, ya sm 3 ao 4, unayoingiza ku mshipa wa mkono kwa kutilia serumu. Ncha yake inabaki pale pale karibu na ngozi. Kateteri ndefu ni jambo lingine. Kwa nje inafanana na mrija wa kawaida tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Inaingia ku mshipa mkubwa wa sehemu ya juu ya mkono, inapanda mpaka kwapani, inapita chini ya mfupa wa bega, kisha inashuka kifuani. Ncha yake inasimama ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu ya kichwa na mikono, mlangoni kabisa pa moyo. Kwa mtu mzima urefu wake ndani ya mwili ni karibu sm 40, mara zaidi, mara pungufu, kwa kadiri ya kimo chake. Unene wake ni milimeta moja na kitu. Wazungu wanaiita PICC, na pengine utaona herufi hizo nne ku fishi ya mgonjwa.

Basi ukisukuma kitu ndani ya mrija huu, unakisukuma ku moyo. Kama ni dawa, ni ku moyo. Kama ni hewa, ni ku moyo. Kama ni mikrobe iliyokuwa ku kidole chako, ni ku moyo vilevile, na toka pale inaenda mapafuni na mwili wote. Ukiisha kuelewa jambo hili moja, mengine yote ya somo hili yatakuwa mepesi.

Mtu wa kwanza anayejulikana sana kwa kufanya jambo hili alikuwa daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann. Katika mwaka wa 1929, ku mji wa Eberswalde, alijiingizia mwenyewe mrija wa kutolea mkojo ku mshipa wa mkono wake, sm 65, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha radio ili wapige picha na kuona kama ncha imefika ku moyo. Ilikuwa imefika. Wakubwa wake hawakumsifu, lakini katika mwaka wa 1956 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na waganga wengine wawili. Hapana kumwiga! Leo mirija ni laini, ya silikoni ao ya plastiki nyingine laini, na yule anayeiingiza anatazama mshipa kwa ekografi na kuhakikisha mahali pa ncha mbele ya kutilia dawa.

Kwa nini kumtilia mgonjwa mrija mrefu namna hiyo? Sababu dawa nyingine zinaunguza. Dawa nyingi za kansa, chakula cha kupitia mshipani, glukozi yenye nguvu: ukizipitisha ku mshipa mdogo, mshipa unaungua, na dawa ikimwagika chini ya nyama, ngozi inaweza kuoza. Lakini mlangoni pa moyo damu inapita nyingi na kwa mbio, inaichanganya dawa mara moja. Sababu ya pili ni siku. Mtu anayehitaji antibiotiki ya mshipani kwa majuma 6, utamchoma mara ngapi kwa kateteri fupi? Mishipa itakwisha yote.

Hata hivyo si kila mtu anaifaa. Mgonjwa wa serumu ya siku 3 ao 5, kateteri fupi inamtosha. Na mwenye figo zinazokufa asiingiziwe hii pasipo shauri la waganga wa figo, maana pengine kesho atahitaji mishipa ile ile ya mkono kwa mashine ya kusafisha damu, na mrija huu unaweza kuiharibu.

SIKU YA KWANZA: PIMA NA KUANDIKA

Hapa kwetu kateteri hizi si nyingi. Pengine utaona moja kwa mwaka, pengine hutaona. Lakini siku utakapoiona, mgonjwa atakuwa mbali na wale walioiingiza, na wewe ndiwe utakayeulizwa.

Jambo la kwanza, tafuta karatasi yake. Inapaswa kusema siku iliyoingizwa, urefu wa ndani, na sm ngapi zimebaki nje. Kama karatasi imeandikwa kwa lugha usiyoijua, tarakimu utazisoma tu. Kisha chukua metre ya kushonea nguo, pima toka pale mrija unapotoka ku ngozi mpaka mwisho wake, andika. Zungusha metre ku mkono, sm 10 juu ya kiwiko, andika. Pima mkono wa pili vilevile. Kazi yote hii ni dakika 5, na pasipo hesabu hizi hutaweza kujua kesho kama mrija umetoka, ao kama mkono umevimba.

Tena andika namba ya telefone ya hospitali iliyomtibu. Wakati wa hatari hakuna mtu anayetafuta karatasi vizuri.

KUSAFISHA MRIJA

Kateteri isiyotumiwa inajaa damu ku ncha, damu inaganda, mrija unazibika. Kwa sababu hii inasukumiwa serumu ya chumvi (NaCl 0,9 %) mbele ya dawa na nyuma ya dawa. Kama haitumiwi, inasafishwa angalau mara moja kila juma, ao zaidi kama hospitali yake ilivyoandika, maana kateteri si zote namna moja. Kiasi ni ml 10. Kama umetoa damu ama umetilia damu, ml 20. Serumu ya chumvi tu. Si maji safi ya sindano, si glukozi.

Sasa usikilize vizuri juu ya seringi. Tumia seringi ya ml 10 ao kubwa kuliko hiyo. Hapana ya ml 2. Hapana ya ml 5. Wengi wanafikiri kinyume: «Hii ni ndogo, itasukuma polepole.» Si vile. Nguvu ya kidole gumba chako ni ile ile, lakini ku seringi nyembamba nguvu yote inakusanyika mahali padogo, kama vile ncha ya msumari inavyopita ubao pale kidole kisipopita. Presha inapanda sana. Kama mrija umezibika, seringi ndogo inaweza kuupasua, na kupasuka kwenyewe pengine ni ndani ya mwili, mahali macho yako hayafiki.

Namna ya kufanya ni hii. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa. Andaa vyote mbele ya kugusa kitu. Sugua kizibo cha mrija kwa kompresi yenye alkoli, sugua kwa nguvu kama mtu anayekamua chungwa, hesabu polepole mpaka 15, kisha ngoja kikauke chenyewe. Usikipulize! Watu wanapuliza kwa mdomo ili kikauke upesi, na hivyo wanarudisha mikrobe waliyoifukuza. Ondoa hewa yote ndani ya seringi. Unganisha, fungua kibanio, vuta kidogo uone kama damu inarudi, kisha sukuma: kidogo, simama, kidogo, simama. Maji yanayosimama na kuendelea yanapiga kando za mrija na kuzisafisha vizuri kuliko maji yanayopita sawasawa bila kusimama. Wakati ml moja ya mwisho ingali inasukumwa, funga kibanio, ili damu isirudi ndani.

Kuna desturi moja mbaya ambayo lazima tuitaje, maana inapatikana hata katika nyumba nzuri. Watu wanatundika mfuko mmoja wa serumu, wanachoma sindano juu, na toka hapo wanavuta serumu ya kusafishia kwa wagonjwa wote, leo, kesho na kesho kutwa. Serumu inaonekana safi, inang'aa. Lakini sindano moja chafu ikiingia mara moja, mfuko mzima unageuka kuwa shamba la mikrobe, na kila mgonjwa atapata sehemu yake. Fungua ampuli mpya kwa kila mgonjwa. Kama huna ampuli, fungua mfuko mdogo mpya, tumia, na kilichobaki kimwage. Tunajua serumu ni feza. Hatusemi maneno haya kama watu wasiojua bei yake. Lakini hesabu bei ya antibiotiki ya majuma mawili, na gari ya kumpeleka mgonjwa mbali, kisha uamue.

BANDEJI

Plastiki inayoonyesha inabadilishwa kila siku 7. Kama huna plastiki na unatumia kompresi, badilisha kila siku 2. Na kama imelowa, imechafuka ao imeachia pembe moja, badilisha ile saa, usingoje siku yake.

Vua kutoka chini kwenda juu, kwa upande wa bega. Ukivuta kuelekea mkono wa chini utaondoka na mrija. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye alkoli, ngoja nusu dakika ikauke. Kama huna, tumia povidoni-ayodini, na hiyo inataka kungoja dakika 2 hivi. Usitie poda, usitie mafuta, usitie dawa ya miti. Mrija huu haushonwi kila mara; mingi inashikwa na kipande cha plastiki cha kubandika tu. Kwa hiyo mtu wa pili akusaidie kuushika wakati kila kitu kimefunguliwa.

NYUMBANI

Jamaa ya mgonjwa, hapa ni sehemu yenu. Mkono wenye mrija haupimwi tansio, haufungwi garo, hauchomwi sindano. Mgonjwa mwenyewe aseme, hata kama anayempima ni munganga mkubwa. Mkono huo usilime, usitwange, usichote maji kwa ndoo, usibebe mtoto mzito. Lakini usilale kama mti mkavu: vidole vifunge na kufungua, mkono uinuke, ashike kijiko, afue kitambaa kidogo. Mkono usiotembea unagandisha damu.

Kuoga anaweza, mrija ukifungwa kwa mfuko wa plastiki juu na chini. Kuingia mtoni hapana. Ziwani hapana. Usiku mtoto mdogo asilale upande ule, sababu watoto wanapenda kushika kila kamba wanayoiona. Makasi yakae mbali kabisa na bandeji.

Na mtu yeyote asiingize kitu ndani ya mrija kama hakufundishwa. Yule jirani wa mama wetu hakuwa na moyo mbaya. Alitaka kusaidia.

HOMA

Tumrudie mama. Anatetemeka, homa 39, na mtoto wake anaomba kinini.

Katika nchi yetu homa ina jina moja mdomoni mwa watu wote: malaria. Na ni kweli, malaria iko nyingi, inaua, hatuwezi kuiacha pasipo kuipima. Mpime mama huyu malaria. Lakini ukiona kipimo kimeonyesha malaria, usifunge kitabu. Wakubwa wengi katika nchi yetu wanatembea na vijidudu vya malaria ndani ya damu pasipo kuugua. Kipimo kinaweza kusema kweli, na homa ikawa imetoka mahali pengine. Kwa mtu mwenye kateteri ndefu, homa ni ya kateteri mpaka ijulikane kwamba si yake.

Utauliza maneno mawili. La kwanza: «Baridi ilianza saa ngapi, na mrija uliguswa saa ngapi?» Kama kutetemeka kumekuja dakika chache ao saa moja hivi nyuma ya kusafisha, ni ishara kubwa. Mikrobe ilikuwa imejenga ndani ya mrija, na serumu imeifagia yote kwa mara moja kuingia ku damu. La pili: «Alipata dawa ya kansa siku gani?» Dawa hiyo inapunguza askari wa damu, mara mingi kati ya siku ya 7 na ya 14, na mtu asiye na askari anaweza kuwa mzima asubuhi na kufa usiku.

Kisha tazama ngozi. Pakiwa pekundu, panauma, panatoka usaha, basi umejua. Lakini pakiwa pasafi kabisa, usijifariji. Mara mingi mikrobe inapita ndani ya mrija, kwa njia ya kizibo, na ngozi inabaki nzuri kama ya mtoto. Infirmie wengi wanakosa hapa. Wanafunua bandeji, hawaoni kitu, wanasema: «Mrija ni mzuri, basi ni malaria.» Wanatilia kinini ao artesunati ndani ya mrija ule ule, na kila mara wanapotilia wanasukuma mikrobe tena.

Kwa mama huyu, fanya hivi. Acha kutumia mrija. Funga kibanio, usiusafishe tena. Tia kateteri fupi ku mkono wa pili. Pima tansio ku mkono wa pili vilevile, hesabu mapigo ya moyo na pumzi, uliza alikojoa lini. Tansio ya juu ikiwa chini ya 90, moyo ukikimbia, maneno yake yakichanganyika, huyu yuko kwenye mlango wa kufa na serumu yake ianze mara moja. Piga telefone. Eleza kwa maneno machache: ana kateteri ndefu, ana homa, alipata dawa ya kansa siku fulani. Antibiotiki ya kwanza ya mshipani inapaswa kuingia ndani ya saa moja kwa mgonjwa wa namna hii. Munganga atakuambia ipi na kiasi gani, na kama unayo, usimpandishe gari mbele ya kumpa. Kipimo kikionyesha malaria, utampa dawa ya malaria pia, kwa mshipa wa mkono mwingine. Hizo mbili hazikatazani.

Kama hospitali yako ina maabara ya kuotesha mikrobe, damu inachukuliwa mbele ya antibiotiki, moja toka mrija na moja toka mkono wa pili. Lakini pasipo maabara, ao mgonjwa akiwa anazama, hapana kungoja.

Je, uuvute mrija mara moja? Si kazi yako kuamua peke yako. Mikrobe nyingine zinaweza kutibiwa mrija ukiwa ndani. Nyingine, kama vile stafilokoki ile ya majipu, ao kuvu, zinashika mrija kama kutu, na munganga karibu kila mara atautoa.

MKONO UNAOVIMBA

Mrija ndani ya mshipa ni kama mti ulioanguka ndani ya kijito: takataka zinakusanyika. Damu inaweza kuganda kuuzunguka. Kateteri ndefu za mkono zinajulikana kwa jambo hili kuliko zile zinazoingizwa shingoni ao kifuani, na hatari iko kubwa zaidi kwa wenye kansa. Mara mingi inatokea katika majuma ya kwanza.

Katika juma la kwanza mshipa unaweza kuuma kidogo na kuwa mwekundu njiani mwa mrija, sababu mrija umeukwaruza tu. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia, na kwa siku 2 ao 3 maumivu yanapungua. Lakini kama metre yako inaonyesha mkono umeongezeka sm 2 ao zaidi juu ya siku ya kwanza, kama bega ao shingo inauma, kama mishipa ya kifua imeanza kuonekana upande mmoja, huyo aende kwenye ekografi. Atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa kawaida atainywa miezi 3 ama zaidi. Mrija wenyewe pengine utabaki, kama ungali unafanya kazi na unahitajiwa.

Hapana kumkanda mkono huo. Hapana kuuchanja kwa wembe «kutoa damu mbaya». Kipande cha damu kikiachia kinaenda mapafuni. Mgonjwa akianza kuhema ghafla, akishika kifua, usiseme ni baridi.

MRIJA UNAPOKATAA

Serumu haiingii? Tazama kwanza mambo mepesi. Kibanio kimefungwa? Mrija umejikunja chini ya bandeji? Mwambie ainue mkono, ageuze kichwa, akohoe. Jaribu tena kwa seringi ya ml 10, kwa nguvu ya kidole kimoja. Kama unakataa bado, acha. Hapana kusukuma kwa nguvu, hata kama mkubwa wako anasimama nyuma yako. Hapana kuingiza waya. Hospitali iko na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wewe huna.

Pengine serumu inaingia vizuri lakini mgonjwa anasema anasikia sauti ya maji ndani ya sikio. Usimcheke. Ncha ya mrija imegeuka kupanda ku mshipa wa shingo, na yeye anakuambia kweli. Usitilie dawa yoyote mpaka picha ya radio. Ni vilevile kama moyo wake unaruka-ruka kila unaposukuma: mrija umeingia mbali kupita kiasi.

Na kama sm za nje zimeongezeka? Juzi zilikuwa 2, leo ni 6. Basi ncha imerudi nyuma sm 4, haiko tena mahali pake, na dawa ya kansa ikipita hapo itaunguza. Usiurudishe ndani. Sehemu iliyokuwa nje imeshika mikrobe ya ngozi. Ubandike kama ulivyo, umtume.

MRIJA UKIKATIKA, AO HEWA IKIINGIA

Mambo haya mawili ni nadra, lakini hayangoji usome kitabu. Uyashike kichwani.

Mrija ukikatika nje, ukunje mara moja kati ya pale ulipokatika na ngozi, ufunge kwa kibanio ao kwa vidole vyako mwenyewe. Kama kipande kimepotelea ndani, funga garo juu kabisa, karibu na kwapa, ya kuzuia mshipa tu: mapigo ya kiganjani lazima uyasikie bado. Mgonjwa alale, asitembee hata kwenda chooni. Aende hospitali akiwa amelala, na mtu mmoja akae akitazama garo njia nzima.

Hewa ikiingia, mgonjwa anahema ghafla, anaogopa, midomo inageuka, pengine anazimia. Funga mrija. Mlaze upande wa kushoto, kichwa chini kuliko miguu, ili hewa ibaki mahali isipozuia damu. Mpe oksijeni kama unayo. Kisha ndipo upige telefone.

KUUTOA

Siku dawa imekwisha, mrija utoke. Usibaki «kwa kesho», maana kila siku inayoongezeka ni hatari inayoongezeka pasipo faida. Atakayeutoa awe mtu aliyefundishwa, kwa agizo la munganga.

Mgonjwa analala chali, mkono umenyooshwa kando, chini ya usawa wa moyo. Unanawa, unavaa ganti, unafunua bandeji. Unavuta polepole, sm chache chache, ukishika mrija karibu na ngozi. Kipande cha mwisho kikitoka, mwambie atoe pumzi. Ukikataa njiani, simama. Mshipa umeogopa, umeubana. Weka kitambaa cha maji ya moto juu ya mkono, zungumza naye habari za watoto, ngoja dakika 20 ao zaidi, jaribu tena. Ukikataa tena, ubandike na kumtuma. Mrija unaovutwa kwa nguvu unakatika ndani.

Ukiisha kutoka, kandamiza kwa kompresi dakika 5, na zaidi kwa yule anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Funika pasipo kuacha hewa kupita, masaa 24. Mgonjwa abaki amelala nusu saa.

Usiutupe mrija bado. Ulaze juu ya meza kando ya metre yako. Soma sm zake, fungua fishi, tazama sm zilizoandikwa siku ulipoingizwa. Hesabu hizo mbili zikiwa sawa na ncha ikiwa nzima, andika siku, saa na jina lako, kisha utupe.